Jinsi ya kumwambia mtoto kwamba aliugua saratani, na kwamba matibabu yameacha alama: mwongozo kamili kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye mtoto wake alitibiwa saratani, akamaliza dawa, nywele zikaota, akarudi shule, na hadi leo hajaambiwa alichougua. Au ameambiwa nusu.

Nimeketi na wazazi wengi kwenye mabenchi ya kliniki hapa Mbeya, na wengine hunipigia simu kutoka Mafinga, Makete na Tunduma. Wanakwama palepale. Wanasubiri mtoto akue kwanza. Wanatumia jina la kuficha. Au siku wakijikaza wanamwaga yote kwa dakika kumi huku wanalia, na baada ya hapo hakuna anayethubutu kuligusa tena jambo hilo. Mimi nilikwama hapo miaka 9, na kilichotokea nitakieleza kwenye hatua ya 2.

Kuna wanaonijibu kwa methali, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamsema mgonjwa. Huku kwetu anayeficha ni mzazi, na anayeumbuka ni mtoto.

## Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku moja yenye jalada gumu. Hili litakuwa daftari la mtoto maisha yake yote.
- Karatasi zote za hospitali ulizonazo: karatasi ya kuruhusiwa, majibu ya kinyama (kile kipande kilichokatwa mwilini kwenda kupimwa), kadi za kliniki, barua za rufaa, picha za ultrasaundi na CT.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Huku mvua zetu ni ndefu na nyumba nyingi zina moshi, na karatasi ikishapata unyevu maandishi ya daktari hayasomeki tena.
- Simu yenye kamera.
- Penseli za rangi na karatasi nyeupe, kama mtoto yuko chini ya miaka 10.
- Picha moja ya mtoto akiwa kwenye matibabu. Najua wengi walizifuta. Kama ipo hata moja kwa ndugu, iombe.
- Mtu mzima mmoja wa kusaidiana naye.
- Wiki mbili hadi tatu za maandalizi. Usijaribu kumaliza yote Jumapili moja.

## Hatua ya 1: Kusanya historia ya matibabu

Anza na karatasi kabla ya maneno. Ukianza na maneno, mtoto atauliza swali la pili tu na hutakuwa na jibu. Halafu utabuni.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika haya: jina kamili la saratani, tarehe iliyogunduliwa, umri wake siku hiyo, hospitali, namba ya faili, na tarehe ya dawa ya mwisho. Ukurasa wa pili ni wa dawa. Andika jina la kila moja na jumla ya dozi aliyopata kwa matibabu yote. Ukurasa wa tatu ni wa mionzi, kama alipigwa: sehemu gani ya mwili na kiasi gani. Ukurasa wa nne ni wa upasuaji, na kama aliongezewa damu andika hapo.

Kama huna karatasi, nenda na namba ya faili kwenye ofisi ya kumbukumbu ya hospitali alikotibiwa, kisha mwombe daktari wa kliniki akuandikie muhtasari wa matibabu. Watoto wetu wengi walitibiwa Muhimbili, na kupanda basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya karatasi ni gharama. Kwa hiyo panga ombi hilo liende pamoja na siku ya kliniki. Ukishaingia kwa daktari sema hivi: "Naomba muhtasari wa matibabu yote, wenye majina ya dawa na jumla ya dozi, ili mtoto akiwa mkubwa aweze kuuonyesha popote." Ukiomba "karatasi" tu, unaweza kupewa kadi ya tarehe ijayo ukarudi nayo Mbeya.

Tahadhari: usimpe mtu karatasi halisi aondoke nayo. Piga picha kila ukurasa, mtumie ndugu mmoja unayemwamini, halisi ibaki kwenye boksi.

Umefanikiwa kama mtu asiyemfahamu mtoto wako, nesi wa Ilembo au wa Ilula, anaweza kusoma kurasa nne za mwanzo akaelewa kila kitu bila wewe kuwepo.

## Hatua ya 2: Jua kilichobaki mwilini, na kilichokileta

Hii ndiyo hatua wazazi wanaruka kuliko zote. Tunadhani habari ni moja tu: ulikuwa na saratani, umepona. Kumbe ziko mbili, na ya pili ndiyo mtoto ataishi nayo.

Binti yangu alikuwa na miaka 4 nilipogusa kitu kigumu ubavuni mwake wakati namwogesha. Ilikuwa saratani ya figo. Figo ya kulia ikatolewa. Alipoanza kuuliza kuhusu kovu, nilimwambia alipasuliwa ngiri. Alipofika miaka 13 akaumwa tumbo la siku zake, shangazi yake akampeleka zahanati. Mganga akaona kovu, akauliza kama kila mganga mzuri anavyouliza. Mtoto akajibu alichofundishwa: "Ngiri." Akachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo mwenye figo moja hapaswi kupewa hivi hivi. Mungu alisaidia, hakudhurika. Lakini wiki ile tulikuwa na kliniki, daktari akauliza, shangazi akaeleza, na binti yangu akausikia ukweli wa mwili wake kwenye chumba cha daktari mbele ya wanafunzi wanne wa udaktari. Kutoka hospitali hadi Uyole hakusema neno kwenye daladala. Mganga yule hakukosea. Niliyekosea ni mimi.

Kwa hiyo chukua ukurasa wa dawa, kaa na daktari, na mbele ya kila dawa andika inachoweza kuacha. Haya ndiyo ya kuuliza.

Doksorubisini, dripu ile nyekundu ambayo wazazi wote wa wodini wanaikumbuka kwa rangi yake. Inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na dalili zinaweza kuchelewa miaka mingi. Mtoto aliyeipata anahitaji kipimo cha eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo, kwa vipindi ambavyo daktari atapanga. Msichana aliyeipata lazima aje kusema kliniki ya wajawazito siku akibeba mimba, kwa sababu ujauzito na uchungu huupa moyo kazi kubwa.

Sisplatini hugusa masikio na figo. Sauti nyembamba hupotea kwanza, kwa hiyo mtoto anasikia watu wakiongea ila hatofautishi herufi. Angalia madaftari yake ya imla: akichanganya s, f, sh na th, usimpige kwa uzembe. Mpeleke akapimwe masikio.

Vinkristini hugusa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Ganzi, kuchomachoma vidoleni, mguu kutonyanyuka vizuri. Kwa mtoto wa Rungwe au Ileje anayepanda vilima kila siku utaona kandambili zinamvuka au anajikwaa mahali tambarare. Kwa wengi hupungua baada ya dawa kuisha, ila si kwa wote.

Siklofosfamidi, iliyo kwenye matibabu ya saratani nyingi ikiwemo ile ya taya inayoitwa Burkitt, ikitolewa kwa dozi kubwa inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Neno ni "inaweza". Wengi waliotibiwa utotoni wamezaa. Jumla ya dozi ndiyo inayoamua, na ndiyo maana nilisisitiza uiandike.

Dawa za steroidi na methotreksati ya kwenye uti wa mgongo, hasa kwa waliougua saratani ya damu. Steroidi zinaweza kudhoofisha mifupa, na maumivu ya nyonga au goti yasiyoisha yasiitwe maumivu ya kukua. Methotreksati ya uti wa mgongo inaweza kumwacha mtoto akiwa mzito kidogo wa kushika mambo: hesabu za hatua nyingi, kunakili ubaoni kwa haraka, kukumbuka maagizo matatu kwa mpigo.

Mionzi athari zake zinategemea ilipopigwa. Kichwani inaweza kugusa kujifunza na homoni za ukuaji, shingoni tezi ya thairoidi, mgongoni urefu, nyonga uzazi. Sehemu iliyopigwa pia huwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kupata saratani nyingine ukubwani, kwa hiyo uvimbe wowote mahali hapo huchunguzwa mapema.

Figo moja. Maji ya kutosha, presha na mkojo kupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Asipewe dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni, wala jentamaisini ya kuua bakteria, kabla daktari hajajua habari ya figo. Na dawa za mitishamba ambazo hujui zimechanganywa nini, ziache. Nasema hivi nikijua mabibi zetu wanazo na wanazitoa kwa upendo.

Jicho lililotolewa kwa saratani ya jicho. Kama yalikuwa macho yote mawili, ujue ni ya kurithi: wadogo zake, na siku moja watoto wake mwenyewe, wanatakiwa kuchunguzwa macho tangu wanapozaliwa. Hata kwa jicho moja, uliza. Familia ikikaa kimya hapa, mtoto wa kizazi kijacho anaweza kupofuka bure.

Mwisho kabisa, uchovu. Hauandikwi kwenye karatasi yoyote na unawapata wengi. Mtoto si mvivu.

Tahadhari: haya yote yanaweza kutokea, si kwamba yatatokea. Mtoto mmoja hapati orodha nzima. Weka alama ya vema kwenye yale yanayohusu dawa zake tu, mengine yaache.

## Hatua ya 3: Watu wazima wakubaliane kwanza

Mtoto wa huku si wa watu wawili. Kuna bibi, babu, baba mkubwa, shangazi, mama mdogo anayekaa naye likizo. Ukimwambia wewe saratani, bibi akamwambia alirogwa, mtoto atabaki na hofu mbili badala ya moja.

Nenda kwa wazee mwenyewe, usipige simu. Usiende kuwatangazia uamuzi, nenda kuomba. Mimi kwa mama mkwe wangu kule Tukuyu nilisema: "Shikamoo mama. Nimekuja unisaidie jambo. Mjukuu wako amekua, anauliza kuhusu tumbo lake. Nataka tumwambie wote kwa mdomo mmoja." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama nikimwambia si nitaliita lile gonjwa lirudi.

Hofu hiyo usiicheke. Kwa wazee wetu saratani lilikuwa jina la mtu anayekufa, na kwa mtoto hawakuwahi kuona aliyepona. Waeleze kwa takwimu wanazoweza kushika. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wanapona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30, kwa sababu ya kuchelewa kugundulika, kukosa dawa na kuacha matibabu njiani. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau 60 kati ya 100 duniani kote ifikapo 2030. Mjukuu aliyekaa mbele yao tayari yuko upande wa waliopona.

Kuhusu imani: hakuna ugomvi. Bibi yake husema Mungu alimponya. Nami nasema ndiyo, na alimponya kwa mikono ya wale madaktari na kwa dawa hizi tulizoziandika. Tulikubaliana sentensi hiyo tuiseme sote, na tunaisema hadi leo.

Kubalianeni pia jina. Saratani, au kansa, chagueni moja. Msiseme "ugonjwa ule", "ugonjwa mbaya", wala "mdudu". Mtoto mdogo akisikia mdudu anaamini kuna mdudu, na usiku anamsikiliza akitembea tumboni.

Tahadhari: baba akikataa, usimzunguke. Mpe daftari alisome peke yake siku mbili. Wanaume wengi niliowaona wakikataa walikuwa wanaogopa kulia mbele ya mtoto, na hilo linatatulika: amruhusu mama aanze, yeye akae karibu tu.

Umefanikiwa kama ukimuuliza bibi na shangazi kila mmoja kwa wakati wake, wanatoa jina moja la ugonjwa na maelezo yanayofanana.

## Hatua ya 4: Chagua siku na mahali

Si usiku kabla ya kulala, si asubuhi ya mtihani, si siku ya kliniki, si mbele ya wageni. Chagua muda ambao mikono ina kazi nyepesi: kumenya viazi, kukoboa maharage, kutembea kwenda shamba. Watoto wetu huongea vizuri wakiwa hawatazamwi usoni. Na kuwe na mahali pa kwenda baadaye, pa kucheza au kulia.

## Hatua ya 5: Uliza kwanza, ndipo useme

Sentensi ya kwanza iwe swali: "Unakumbuka nini kuhusu kipindi kile tulichokaa hospitali?"

Utashangaa. Watoto wanajua zaidi ya tunavyodhani. Wangu alikumbuka harufu ya wodi, mlio wa mashine ya dripu, na rafiki wa kitanda cha pembeni aliyekuwa na doli lisilo na mkono. Alikuwa ameshasikia neno kansa kwa watoto wa jirani, akalibeba peke yake miaka miwili.

Baada ya kumsikiliza, sema kulingana na umri.

Miaka 3 hadi 6. Sentensi tatu zinatosha: "Tumboni mwako kulikuwa na uvimbe. Unaitwa saratani. Madaktari wakautoa na kukupa dawa, ndiyo maana una kovu hili." Chora mwili, mwache apake rangi mahali penyewe. Atauliza tena kesho swali lilelile. Mjibu kwa maneno yaleyale.

Miaka 7 hadi 11. Umri huu unataka kujua kitu kinafanyaje kazi. Mwambie mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli, na vinakua kwa mpango. Saratani ni seli zilizoacha kufuata mpango, zikajaa mahali pasipo pake. Kwa watoto wa wakulima mfano wa magugu unaingia haraka. Ukipulizia dawa ya magugu, mahindi ya pembeni nayo huungua kidogo. Mengi yanachipua tena, kama nywele zako zilivyoota. Mengine yanabaki na doa, na doa hilo ndilo tunalolifuatilia kliniki.

Ukitumia mfano huo ongeza neno moja: dawa yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu, na ilipimwa kwa kilo na kimo chake yeye. Jirani yangu alisahau kuongeza hilo, na mwanawe akakataa vidonge vyote kwa mwezi mzima akiamini ni sumu ya shambani.

Miaka 12 na kuendelea. Mpe daftari mkononi. Asome mwenyewe, wewe kaa hapo hapo. Usimfupishie. Kijana akigundua baadaye kwamba ukurasa mmoja ulirukwa, hataamini na nyingine. Habari ya uzazi aambiwe na mtu wa jinsia yake anayemheshimu, shangazi kwa msichana na mjomba au baba mdogo kwa mvulana, au daktari, na aambiwe kwamba vipimo vipo akifikia umri.

Ukilia, lia. Sema: "Nalia kwa sababu nilikuogopea sana wakati ule. Sasa hivi uko salama, na bado tunaongea." Kibaya ni kuondoka katikati ya sentensi, maana mtoto ataelewa kwamba kilichobaki hakisemeki.

Dakika ishirini zinatosha. Kisha sema: "Ukiwa na swali siku yoyote, hata nikiwa sokoni, niulize." Binti yangu alikuja na swali la kwanza siku ya nne, nikiwa nachagua nyanya Mwanjelwa. Niliweka kikapu chini nikamjibu.

Umefanikiwa kama mtoto anauliza. Mtoto anayesema "sawa" na kuondoka bado hajapokea. Mpe siku tatu, kisha umrudie kwa swali lingine dogo.

## Hatua ya 6: Jiandae kwa maswali matano

"Nilifanya nini?" Watoto wengi hawaulizi kwa mdomo lakini wanalo, kwa hiyo jibu hata bila kuulizwa: "Hukufanya kosa lolote. Mimi pia sikufanya. Hakuna aliyekuletea." Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Takribani mmoja kati ya kumi ndiye anakuwa na sababu ya kurithi. Ukisema hilo kwa sauti, na wewe utalisikia. Nilikaa miaka nikihesabu dawa za shambani nilizopulizia nikiwa mjamzito.

"Inaambukiza?" Hapana. Si kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kukohoa.

"Itarudi?" Usiahidi kwamba haitarudi kamwe. Kwa saratani nyingi za utotoni hatari ya kurudi ni kubwa zaidi miaka 2 ya mwanzo baada ya dawa, kisha inapungua mwaka hadi mwaka. Mwambie: "Kila mwaka unaopita unatusogeza mbali nayo. Kliniki tunakwenda ili ikijitokeza tuione mapema." Wala usimwambie kwamba akiwa mtiifu au akisali sana haitarudi, maana ikirudi atajihukumu.

"Rafiki wa kitanda cha pembeni yuko wapi?" Kama alifariki, sema alifariki. Usiseme amehamia mkoa mwingine. Mtaje kwa jina, eleza kwamba ugonjwa wake ulikuwa tofauti au ulichelewa kuonekana, na mruhusu mtoto ahuzunike. Kuna watoto wanaojisikia wakosaji kwa sababu wao walibaki. Huyu mkumbatie, usimhubirie.

"Kwa nini ulinidanganya?" Kwangu hili ndilo lilikuwa gumu. Usijitetee. Nilisema: "Niliogopa, nikakosea. Naomba unisamehe." Mzazi kumwomba mtoto msamaha si desturi yetu sana. Fanya hivyo hivyo.

## Hatua ya 7: Zungumza na shule, kwa ruhusa yake

Mtoto mwenye zaidi ya miaka 8 aulizwe kwanza nani aambiwe. Wangu alichagua mwalimu wa darasa na rafiki mmoja, na tukaishia hapo.

Kwa mwalimu usiende na huzuni, nenda na maombi unayoweza kuyaandika kwenye nusu karatasi. Mwenye masikio mazito akae mbele, na mwalimu asiongee akiwa amegeukia ubao. Mwenye figo moja aruhusiwe chupa ya maji na kwenda chooni bila kungoja kengele. Mwenye uchovu au miguu yenye ganzi apunguziwe kazi za kubeba ndoo na kukimbia mchakamchaka, apewe nyingine, asikae bure akichekwa. Anayechelewa kunakili apewe dakika za ziada. Kuhusu mpira, muulize daktari mchezo gani unafaa kabla ya kumzuia. Kumzuia kila kitu ni kumwambia bado mgonjwa.

Tahadhari: mwombe mwalimu asitangaze darasani wala kwenye paredi, hata kwa nia ya kumwombea.

Baada ya mwezi mmoja rudi umuulize mtoto, sio mwalimu, kama mambo yamebadilika.

## Hatua ya 8: Wadogo zake na kaka zake

Hawa walibaki kwa bibi miezi na miezi wakati wewe uko Dar es Salaam. Wengine waliamini umewakimbia. Waambie habari ileile kwa jina lilelile, kila mmoja kwa umri wake, na uulize: "Wewe kipindi kile kilikuwaje kwako?" Kaka yake binti yangu alijibu kwamba alikuwa anatamani naye augue ili nirudi. Alikuwa darasa la pili.

Majirani hawana haki ya historia nzima. Mfundishe mtoto jibu fupi la kutoa akiulizwa kuhusu kovu: "Nilipasuliwa nikiwa mdogo, nimepona." Kutunza siri yake mwenyewe ni uamuzi wake, na hakufanani na kufichwa na wazazi.

## Hatua ya 9: Mkabidhi daftari

Kuanzia miaka 12 au 13 aanze kujieleza mwenyewe kliniki, wewe ukiwa pembeni. Mfanye mazoezi nyumbani. Wewe uwe mganga, umuulize: "Una tatizo gani? Umewahi kufanyiwa upasuaji?" Ajibu kwa sentensi nne zilizoandikwa nyuma ya jalada: ugonjwa gani na mwaka gani, alitibiwa wapi, nini kilitolewa au dawa gani nzito alipata, na dawa zipi asipewe bila daktari kujua.

Ya binti yangu inasema hivi: "Nilitibiwa saratani ya figo nikiwa na miaka 4. Nina figo moja, ya kushoto. Nilipata doksorubisini, kwa hiyo napimwa moyo. Naomba nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala jentamaisini kabla daktari hajaangalia daftari langu." Mwanzoni aliisema akitazama sakafu. Tukarudia jioni nyingi, ikawa kama anasema jina lake.

Nakala ya ukurasa wa kwanza iwe kwenye simu yake, na nyingine ndani ya begi la shule, hasa akienda bweni. Shule za bweni zina matroni na zahanati zao, na usiku wa homa wewe hutakuwepo.

Kila Januari fungueni daftari pamoja. Andikeni urefu, uzito, presha, majibu ya mkojo, tarehe ya eko ya mwisho, na tarehe ya kliniki ijayo. Mwaka huu kalamu alishika yeye. Aliandika tarehe, akachora mstari, kisha akageuza kurasa nyuma hadi ule wa kwanza, akasahihisha mahali nilipokosea herufi za jina la ugonjwa.